Baba Mkwe Hapangwi Foleni

Jumatatu, 4 Agosti
Wazee wangu wanapeleka posa Jumapili kwa Mzee Efraimu, baba yake Vaileth. Nina wiki hii tu ya kuonekana mtu wa maana machoni pake. Kwa sasa ananiita "yule kijana wa nyaya." Mimi, afisa TEHAMA msaidizi wa ushirika mzima wa kahawa!

Afisa mwenyewe ni Calvin. Nimemzidi umri, kanizidi vyeti. Bado anawasimulia watu kwamba siku ya usaili niliulizwa CPU ni nini nikaeleza ya kompyuta, wakati hapa kwetu CPU ni mashine ya kumenyea kahawa. Bodi nzima ilicheka. Yeye bado anacheka.

Hila yangu ni hii. Mfumo wetu wa mtandaoni humtumia kila mwanachama ujumbe wa simu siku yake ya kuleta kahawa mbivu mashineni. Nitahakikisha Mzee Efraimu anaalikwa kabla ya watu wote, tena na salamu yangu juu. Atajua nani kampendelea.

Jumanne, 5 Agosti
Calvin kaenda Njiro kwenye banda letu la maonyesho ya Nanenane. Kaniachia seva na onyo: nisiguse mipangilio.

Nimegusa. Ukurasa wenyewe ni wa Kiswahili, Calvin kautafsiri ili meneja wetu, Mama Anyesi, auelewe. Ujumbe ukiingia kwenye seva hupitia njia moja kati ya mbili: "Foleni" au "Mada". Na Mzee Efraimu kawekwa wapi? Foleni! Mzee wa kanisa, mwenye mibuni mpaka karibu na msitu, kapangwa mstari kama mtu na ndoo yake bombani! Niliona haya kwa niaba ya ushirika. Foleni ni ya watu wengi. Mada ni jambo moja, la mtu mmoja. Nimemhamishia Mada.

Chini yake kuna kisanduku: "Rudia mpaka ipokelewe." Kule kwake mtandao ni wa kubahatisha. Nimeweka tiki.

Nimeandika: "Shikamoo baba mkwe. Kesho alfajiri mlango wa mashine uko wazi kwako kabla ya wote. Ni mimi mwanao Elihuruma." Kumwita mkwe ni mapema kidogo, lakini mwanamume lazima ajiamini. Nimebonyeza. Nalala mapema.

Jumatano, 6 Agosti
Ole wangu.

Kumbe ujumbe wangu kaupata kila mtu! Nahisi ni kile kisanduku cha kurudia, kimeurudia kwa wanachama wote. Ushirika mzima umeamkia mashineni, kila mtu na gunia lake la kahawa mbivu, kila mtu akidai mlango umefunguliwa kwa ajili yake. Foleni nimeziona maishani. Ile haikuwa foleni.

Na majibu! Wazee wetu hawaachi shikamoo ipite bila kuitikiwa. Majibu huingia kwenye simu ya ofisi, na simu ya ofisi anayo Mama Anyesi, na Mama Anyesi kayasoma kwa sauti. "Marahaba mwanangu. Ni yupi sasa, Esther au Hanna?" "Marahaba. Mbona hukuja na wazee?" Mama mmoja mjane kauliza baba mkwe ni nani humu ndani. Babu mmoja kasema binti zake wote wameolewa ila nisikate tamaa, ana mjukuu.

Ujumbe haukukoma. Kila ambaye mtandao ulimsumbua aliupata tena, na tena. Nikazima seva. Nikaiwasha. Ikaendelea palepale ilipoishia! Nikakumbuka Calvin aliipanga itunze ujumbe usipotee hata umeme ukikatika. Nilimsifu sana wakati ule.

Nilijifungia stoo kati ya magunia matupu. Nililia kidogo. Ni vumbi pia.

Alhamisi, 7 Agosti
Calvin karudi. Kafuta yote kabla chai yake haijapoa. Kisha, mbele ya Mama Anyesi, kanieleza polepole kama mtoto wa chekechea: njia moja ujumbe una mpokeaji mmoja, nyingine ujumbe mmoja unakwenda kwa wote. Kachora mishale ubaoni. Kauliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Muda wote nilikuwa natazama viatu vyangu.

Mchana Vaileth kapiga. Baba yake hatoi binti kwa mtu aliyewaamkia wanaume wote wa mlimani baba mkwe. Anataka kujua nina posa ngapi. Wazee wangu wasije. Vaileth alikuwa analia. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nimejidharau.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane
Nimepanda kwa miguu mpaka kwa Mzee Efraimu. Alikuwa shambani anaondoa majani makavu ya migomba. Nikamwamkia. Hakuitikia. Nikamwamkia tena. Kauliza kama mashine yangu imekwama.

Nilisema ukweli. Kwamba nilimkuta kwenye foleni. Kwamba niliona si heshima. Kwamba nilimtoa.

Kanipa mgongo. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza mzee wa watu. Alikuwa anacheka! Kasema amepanga foleni za ushirika tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumwonea uchungu. Wazee waje Jumapili. Ila hiyo shikamoo ya baba mkwe anataka kuisikia kwa mdomo, na iwe yake peke yake.

Kisha akasema marahaba. Nimeshuka mlima nikijifuta macho na shati.

Jumamosi, 9 Agosti
Calvin kaenda Njiro kubomoa banda. Seva ninayo mimi.

Nataka Vaileth apate neno langu kesho, ibada ikiisha tu, kabla wazee hawajaingia kwao. Namba yake nimeisajili. Nimeandika yaliyo moyoni, yote, hata lile la shingo yake. Safari hii nimekuwa mwangalifu sana: kile kisanduku cha kurudia sikukigusa.

Ikabaki njia. Ubaoni Calvin alichora mishale mingi upande mmoja na mshale mmoja upande wa pili. Upi ulikuwa upi? Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Mwisho nimeuachia moyo uamue.

Vaileth wangu simpangi foleni.