Vifo Ishirini na Vitatu vya Jemadari Radi

Jumatatu, 2 Juni

Nimekufa mara nne leo. Mara nne! Na zote kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, kabla hata ya kula.

Kifo cha kwanza: navuka daraja, skrini inaganda, inarudi, nimelala kifudifudi chini ya mto. Cha pili na cha tatu: majambazi wa msituni. Cha nne sitaki kukiandika. Alikuwa mbuzi.

Mimi ni Jemadari Radi, mbeba ngao wa mbele, miaka sita kwenye gemu hii. Mchana ni karani wa dirisha la malalamiko ofisi ya maji, lakini hilo si muhimu. Muhimu ni kwamba Nahodha wetu, ambaye akiwa nje ya gemu ni daktari wa meno, ametangaza anaacha uongozi. Amejifungua mapacha. Pembe ya kikosi, alama ya uongozi, itakwenda kwa atakayekufa mara chache zaidi kuanzia leo hadi Jumamosi. Ndiyo desturi yetu. Kila jioni anabandika orodha ya marehemu, na kila jina lina idadi yake.

Yangu: nne. Ya shemeji: sifuri.

Shemeji! Mume wa dada yangu mdogo, fundi wa friji. Wanakaa nasi hapa kwa mama mpaka nyumba yao iezekwe. Nani alimfungulia akaunti? Mimi. Nani alimfundisha kuvaa kofia ya chuma? Mimi, miezi minane tu iliyopita! Leo kikosini ni Mpole hivi, Mpole vile. Ndilo jina alilojipa. Ni mganga, anafufua watu. Kila nikifa anakuja mbio, ananifufua mbele za watu, kisha anaandika: pole shemeji.

Hakuna binadamu anayecheza bila kufa. Kuna mchezo mchafu hapo, na nitaukamata. Ndiyo maana tangu Jumamosi nina mhusika wa pili, wa siri: Bi Kiroboto, kikongwe mchuma majani. Anamfuata Mpole kila aendako, na kompyuta yangu inarekodi kila hatua. Haizimwi asubuhi wala jioni. Hakuna anayejua.

Na ajabu ni hii: tangu Jumamosi hiyohiyo ndipo nilipoanza kufa hovyo. Amenusa kitu. Kuna kitu amenifanyia.

Jumanne, 3 Juni

Niliwaandikia wenye gemu barua ndefu na kali. Wamejibu kwa mistari miwili: kagua kwanza upande wako, na funga vitu vingine vilivyo wazi kwenye mashine yako. Dharau ya namna hiyo sijaiona.

Kazini nimewaambia watu kumi na mmoja wakague kwanza mabomba ya kwao. Mzee mmoja mwenye ndoo akaniuliza kama kuna siku kosa limewahi kuwa la ofisi. Nikampa fomu. Kesi yangu ni tofauti. Mimi nina tatizo la kweli.

Afueni kidogo: Nahodha amekumbusha sheria. Kifo kilicholetwa na mashine kinafutwa, mradi mwenyewe alete ushahidi wa chanzo mbele ya kikosi kizima, mwisho Jumapili saa sita mchana. Kwa hiyo kazi yangu ni moja tu, kutafuta chanzo. Nami chanzo nakijua. Kinalala chumba cha mbele na kinapiga mswaki kwa kuimba.

Hatua iliyochukuliwa: nimekihamisha kisanduku cha intaneti kutoka sebuleni na kukificha kwenye kabati langu, katikati ya mashati. Matokeo: shemeji sifuri, mimi tatu. Kimoja nimekufa nikiwa nimesimama sokoni nanunua mkate!

Mama ameniuliza kwa nini kabati langu linawaka taa za kijani. Nimemwambia ni shati jipya.

Jumatano, 5 Juni. Hapana, 4. Siko sawa.

Nimegundua. Ni meza! Ile meza ya dirishani. Ilikuwa yangu tangu nasoma shule, mama akampa mkwewe wiki aliyohamia, eti mgeni akae penye hewa. Penye hewa ndipo penye mtandao mzuri. Kumbe nimeporwa mchana kweupe.

Nikamwambia shemeji mgongo unaniuma, nahitaji kukaa penye mwanga. Nilitaraji ugomvi. Akaibeba mwenyewe mpaka chumbani kwangu, akafuta vumbi, akaweka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja isiyumbe. Mama akasema mkwe wangu ana moyo wa dhahabu. Akaniangalia mimi. Hakusema moyo wangu ni wa nini.

Tena, Bi Kiroboto anampoteza Mpole akiingia ndani ya nyumba yoyote ya kwenye gemu. Mpelelezi mmoja hatoshi. Nimemtengenezea pacha, Bi Chawa. Mmoja analinda mlango wa mbele, mwingine wa nyuma. Wote wanarekodi. Akili hii hawanayo wengine kikosini.

Nimekufa mara sita.

Kompyuta inavuma kama kinu cha kusaga. Mama kaweka soksi zake nyuma yake, zimekauka kwa dakika kumi. Kasema angalau imepata kazi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimebadilisha neno la siri la intaneti. Sasa nalijua mimi peke yangu. Saa kumi na mbili kamili nikaingia uwanjani nikiwa na mtandao wote wa nyumba mikononi mwangu, nikasubiri Mpole agande.

Hakuganda. Mimi nikaganda. Mara tano.

Dada akaja mlangoni mikono kiunoni. Akasema kaka, simu yangu haishiki, ya mama haishiki, ni wewe? Nikamuuliza mbona mumewe anacheza. Akasema mume wangu anatumia bando la simu yake tangu Jumatatu. Aliona unakufakufa, akasema mtandao wa nyumba akuachie wewe.

Hata wema amenitangulia! Mtu anaponiachia kitu, nacho ndicho nilichokuwa nakiiba, nimfanyeje? Dada akasema nina wivu, unanitoka hadi masikioni. Nikamjibu mimi sina wivu, nina mashaka.

Nina wivu. Nimeandika, basi. Nataka Nahodha aseme asante Radi kama anavyosema asante Mpole. Miaka sita nimebeba ngao ile. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ni nzito.

Jumla: kumi na nane.

Jumamosi, 7 Juni

Jana mbili. Sina la kuandika kuhusu jana.

Leo ilikuwa vita ya mwisho, dhidi ya joka la pangoni. Nikasimama mbele, ngao juu. Nikaganda. Nikafa. Mpole akanifufua. Nikaganda tena, nikafa tena, akanifufua tena. Nikafa mara ya tatu, joka likageuka, nami ndiye niliyepaswa kulizuia, ila ngao yangu ilikuwa bado inapakia. Mpole alikuwa ameniinamia. Akapigwa. Akafa!

Niliruka kwenye kiti. Nilipiga kelele ya furaha, nakiri, mpaka mama akadhani nimeumwa na nge. Mpole kafa! Ana moja!

Kisha orodha ikabandikwa. Mpole moja. Jemadari Radi ishirini na tatu. Furaha ikakata hapo hapo.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi nilitoka kununua maziwa. Dakika kumi na tano, basi. Narudi, namkuta shemeji amekaa mbele ya kompyuta yangu, na vikongwe wangu wawili wako kwenye skrini wazi wazi. Mama ndiye aliyemtuma, eti mashine ya kijana wangu inaugua, kaiangalie.

Anafanya kama anavyofanya kwenye friji. Anaweka kiganja, anasikiliza, anazima kimoja, anasikiliza tena. Akaniuliza hawa bibi wawili ni wa nani. Nikasema siwajui, labda virusi. Akasema wanafunguka kwa neno lako la siri.

Akasema kwa sauti ya chini: shemeji, hawa ndio wanaokuua. Gemu tatu kwa mpigo kwenye mashine ya zamani, na juu yake video za siku tisa. Haina pumzi ya kukubebea ngao.

Akafungua video moja. Akajiona mgongo wake. Akafungua nyingine, mgongo wake tena. Akasema hatamwambia mtu, hata dada, na kwamba kwa Nahodha tuseme tu mashine imechoka. Akaenda kumsaidia mama jikoni.

Nikabaki na maziwa mkononi. Aibu ilinishika, kweli, labda dakika nne. Kisha nikaanza kupiga hesabu. Mashine imechoka si ushahidi. Video ni ushahidi! Nikizipeleka, vifo vyote ishirini na vitatu vinafutwa. Mimi sifuri. Mpole moja. Pembe yangu!

Saa sita kasoro dakika tisa nikazituma kwa kikosi kizima. Nikaandika: tazameni chanzo.

Wakatazama. Sikuwa nimezitazama mwenyewe, nani ana muda wa saa zote hizo? Mpole anafufua wageni wasiojua hata kusema asante. Mpole anakaa kando ya maiti yangu mvuani, analinda panga langu lisiibiwe, siku nne mfululizo. Mpole anageuka, anamwona Bi Kiroboto nyuma yake, anavua joho lake mwenyewe, anamvika bibi, anamuuliza kama amekula. Kisha anamwandikisha yeye na pacha wake kikosini, wasizurure peke yao. Mwaliko ulipokuja, nilibonyeza kubali bila kusoma.

Watu walilia. Nahodha aliandika ananyonyesha huku analia.

Akatoa hukumu. Vifo vyangu vimefutwa, sheria ni sheria. Lakini aliyekufa akimwokoa aliyeganda amekufa kwa mashine ileile, kwa hiyo na cha Mpole kimefutwa. Sifuri kwa sifuri. Tupige kura.

Mpole ishirini na sita. Mimi nne. Moja niliipiga mwenyewe. Mbili Bi Kiroboto na Bi Chawa, maana ni wanachama halali. Ya nne sikuijua. Dada ndiye aliyenifunulia mezani. Ni ya shemeji yako, akasema, na usijifanye umepaliwa.

Nilikuwa nimepaliwa kweli. Ilibidi nitoke nje nikohoe.

Jumatatu, 9 Juni

Nimewafuta vikongwe wote wawili. Nimefuta na video. Kisanduku kimerudi sebuleni, neno la siri nimemwandikia mama kwenye mlango wa friji. Kompyuta imetulia, haivumi tena, soksi za mama ziko mbichi hadi sasa. Saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni nimecheza bila kufa hata mara moja! Nahodha mpya ameniweka mbele na ngao yangu. Akaniuliza, mbele za watu, kama ni nzito.

Mimi ni mtu mpya.

Ila kuna jambo moja linanitafuna. Kwa nini alinipigia kura? Mtu gani anampa mpinzani wake kura yake? Kuna kitu anakitafuta. Na hilo la kuniuliza kuhusu ngao, amelitoa wapi? Hii shajara huwa naiweka chini ya godoro. Au anaisoma?

Saa kumi na mbili na dakika tano nimemtengeneza Bi Kupe. Ni kipofu, anatembelea fimbo, hakuna atakayemshuku. Anarekodi.

Saa kumi na mbili na robo nimekufa. Ghafla tu, nimesimama. Mtandao wa nyumba hii!