Shali Nyepesi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe ametangaza: chumba chake cha mbele, kile kinachotazama barabara, atampa mkwe mmoja afungue duka. Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu fundi saa, mume wa shemeji, mtu wa kunyoosha kola hata akienda msalani. Chumba hicho ni changu! Nimekwisha kukiota na rafu zake.

Mwanyumba kamnunulia mama blanketi. Mama kalalamika linamlemea mabega. Hapo akili yangu ikachemka. Nikampigia simu, nikamwambia namfumia shali ya lesi kwa mikono yangu, nyepesi kama pumzi, mchoro nimeubuni mwenyewe. Aliniuliza mara mbili kama kweli ni mimi ninayeongea. Furaha, bila shaka.

Sijui kufuma.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu anajua kufuma, lakini kakataa kunisaidia. Kasema aliyeahidi ndiye mfumaji. Hata hivyo kanielekeza: unazungusha uzi juu ya sindano, unapata tundu, kisha unafuma vitanzi viwili pamoja viwe kimoja. Tundu, unganisha. Tundu, unganisha.

Nimetafakari. Uzuri wa lesi ni matundu. Huko kuunganisha ni kupoteza muda, na wala hakuonekani. Mchoro wangu: matundu matupu, hakuna kuunganisha. Nashangaa watu hawakuligundua hili zamani.

Alhamisi, 7 Machi
Kazi inakwenda mbio. Ila shali inapanuka. Ilianza na upana wa kiganja, sasa vitanzi vimejaa sindano na vinadondoka upande wa pili. Nikachonga mpini wa ufagio ukawa sindano. Vitanzi vikawa vikubwa, ngumi inapita. Wepesi wa ajabu!

Mke wangu alitafuta ufagio, akanikuta nao. Akakaa kitandani, akasema kwa upole: "Baba watoto, kila tundu linazaa kitanzi kipya. Usipounganisha, hawa nao watatushinda kulea."

Nikamwambia wivu wa kazi ni kitu kibaya. Kaenda kufagia kwa kipande cha boksi.

Jumamosi, 9 Machi
Shali imetoka mlangoni, imefika barazani. Nimeifunga kwa sababu uzi umeisha, si kwa sababu nimeshindwa. Nikaifua, nikaianika kambani. Maji yakaivuta hadi chini, kuku wa jirani akaingia ndani yake. Jirani kaja juu, ananituhumu namtegea kuku wake. Tumemtoa. Kaacha manyoya mawili kwenye lesi. Nimeyaacha, yanapendeza.

Jumapili, 10 Machi
Kwa mama mkwe. Mwanyumba kaja na saa ya ukutani. Kujipendekeza huko! Nikafungua mfuko wangu. Shali ikatoka. Ikaendelea kutoka. Shemeji akashika pembe moja, mke wangu nyingine, mama akapotea katikati. Mwanyumba akauliza, kwa adabu zote, kama ni ya ukoo mzima.

Mama akaipapasa. Macho yakamlowa. Akasema: "Mwanangu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunifumia kitu."

Nikajua chumba nimekipata. Mama akaomba nyundo na misumari. Akaagiza itundikwe kwenye dirisha la chumba cha mbele, iwe pazia. Kasema inatosha barabara, hewa inapita na jua halichomi. Kisha ufunguo kampa mwanyumba, kwa kuwa saa hazitaki jua.

Nimeumia. Nilitaka kulia, na si mzaha. Nimekula sahani moja tu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepita dukani kwa mwanyumba, kwa bahati tu. Mwenye saluni wa ng'ambo ya barabara alikuwa ndani, hatazami saa, anatazama pazia. Akauliza nani kalifuma. Mwanyumba kaninyooshea kidole, nadhani kwa kunicheka. Mama yule anataka glavu za lesi, binti yake anaolewa Jumamosi. Nimekubali papo hapo!

Kosa la shali nimeshalijua: uzi. Ulikuwa mnene. Mke wangu kaniuliza mara hii nitaunganisha? Nimecheka sana. Glavu ni kitu kidogo. Zitapanukia wapi?