Redio Iliyopoa

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba tupu! Mama Mkwe ameenda kwa dada yake, anarudi Jumatano. Mke wangu yuko kazini. Tumebaki mimi, paka na redio.

Redio yenyewe ni sanduku la mbao, urithi wa marehemu baba mkwe. Ndani ina vioo vya taa ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Hapo paka hupanda juu na kulala kwenye joto. Tatizo ni kwamba siku hizi inakoroma kuliko inavyosema. Nitaigeuza kuwa redio ya intaneti. Nje uzee, ndani stesheni za dunia nzima! Labda kwa mara ya kwanza Mama Mkwe ataniita mwanangu. Natamani sana aniite hivyo.

Sijasahau onyo lake. Baada ya pasi (tangu niitengeneze inaunguza tu, haijui kupunguza moto) na baada ya saa ya ukutani (inarudi nyuma), alisema nikigusa kitu chake kingine nitafute pa kulala. Lakini siku ile alikuwa na hasira.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoa utumbo wote. Uko kwenye ndoo, chini ya kitanda.

Kile kikompyuta kidogo nilichonunua kwa kazi hii kimetoa moshi. Sikukata tamaa. Nimeweka simu yangu mwenyewe, na laini yake, maana bando limo humo. Waya kutoka simu hadi amplifaya ndogo, kutoka amplifaya hadi spika ya zamani. Imeimba! Nimecheza sebuleni mchana kutwa.

Kasoro ndogo: nikiwa nimechomeka waya, simu yangu hupokea yenyewe ikipigwa. Niliiweka hivyo zamani, na sanduku nimeshalifunga kwa misumari. Haidhuru. Nani hunipigia mimi? Mke wangu amesema hataki kuwa shahidi.

Jumatano, 5 Machi

Mama Mkwe amerudi. Shemeji naye kaja, kaka yake mke wangu, fundi umeme mwenye cheti, ambaye kila jioni hupita kumjulia hali mama yake wakati sufuria inaepuliwa. Saa ya taarifa ya habari ikafika. Mama Mkwe akavaa miwani, kama kawaida yake, utadhani habari zinaonekana. Nikawasha. Kimya! Bando limekwisha. Nililimaliza jana kwa kucheza.

Nikasema inapata moto kwanza. Nikanyakua simu ya mke wangu, nikajifungia bafuni, nikapiga namba yangu. Ikajipokea! Nikaziba mdomo kwa taulo, nikasoma habari kutoka gazeti la mwaka jana lililotandikwa kwenye rafu. Nilisikia sebule yote kupitia simu. Mama Mkwe akasema mtangazaji huyu mpya ana mafua lakini anaeleweka.

Ushindi! Isipokuwa paka. Nilipotoka bafuni nilimkuta anapanda juu ya redio, akakaa, akainuka, akaiangalia, akashuka. Shemeji akaweka kiganja juu ya sanduku. Akanitazama. Sipendi akinitazama hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Ningeweza kununua bando leo. Lakini mtu akishaonja utangazaji!

Nimeongeza habari zangu mbili tatu. Kwamba wataalamu wamethibitisha nyumba yenye mkwe mbunifu haikosi baraka. Kwamba wananchi wanatahadharishwa kuhusu wanaume wazima wanaotembelea mama zao saa ya chakula. Nikasikia kijiko kinawekwa chini. Shemeji akasema kwenye simu yake habari hizo hazipo. Mama Mkwe akamjibu kwamba simu husema uongo, redio ya mumewe haijawahi.

Nilipaswa kufurahi. Nilijisikia vibaya, kwa kitambo.

Nilipotoka, Shemeji akauliza redio ya taa inakuwaje baridi kama kaburi. Nikasema ni hali ya hewa. Akasema kesho atakuja na bisibisi.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja nayo! Ameiweka mezani, karibu na sahani. Akamwomba mama yake ruhusa ya kufungua mgongo wa redio. Mama Mkwe akasema baada ya taarifa ya habari.

Kwa hiyo taarifa isiishe. Nimesoma ya nchini, ya ng'ambo, michezo, bei za sokoni, dawa za kunguni. Gazeti likaisha. Nikasoma maelezo kwenye chupa ya shampuu kama ripoti ya afya. Jasho, taulo, koo limekauka. Nilikuwa naanza viambato nilipogundua najisomea mwenyewe. Salio la mke wangu limekwisha!

Kupitia ukuta nikamsikia Shemeji akishika bisibisi. Mama Mkwe akamwambia aiache, mwenye mikono ya mashine ni mkwe wake, redio yenyewe ilisema jana, ngoja ampigie aje aitazame.

Nikakimbilia kitasa cha mlango nimzuie. Nilichelewa.

Alinipigia. Redio ikapokea. Nikamsikia Mama Mkwe sebuleni akisema, "Mkwe, uko wapi? Redio imekata," na redio nayo, kwa sauti yake yeye, ikasema, "Mkwe, uko wapi? Redio imekata." Kisha mluzi wa kutoboa masikio.

Akatoka na simu barazani ili mluzi uishe. Redio ikazungumza, taratibu kabisa:

"Sasa ni tangazo maalumu. Mkwe aliyejifungia bafuni anatakiwa atoke, akiwa na taulo letu. Kesho atahamia kwa shemeji yake. Atarudi siku paka atakapolala tena juu ya redio hii. Mwisho wa tangazo."

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la Shemeji. Mke wangu amebaki kwao. Aliniaga akicheka, kisha hakucheka tena, na hilo ndilo lililoniuma. Mama Mkwe amenitilia pasi yake kwenye begi, akasema niondoke na kazi yangu.

Shemeji ameshindana na ile ndoo tangu asubuhi. Anasema kurudisha utumbo kutachukua wiki nyingi, na nisiguse chochote. Ametoka kununua vifaa. Redio iko hapa mezani, wazi, tupu.

Nimewaza kwa utulivu. Mama Mkwe hakusema redio ilie. Alisema paka alale. Paka hataki habari, anataka joto.

Nimepima. Pasi inaingia barabara.