Malalamiko ya Kutochekwa Nikiswali Ukumbini

Ndugu Meneja wa Jengo,

Mimi ni muuza suti wa ghorofa ya chini, yule mrefu mwenye tepu shingoni, ambaye watu humwita Bwana Kipimo. Nikishakutakia afya njema wewe na ofisi yako, naomba kulalamikia utovu wa dharau katika jengo hili.

Kwa muda mrefu niliswali Adhuhuri na Alasiri ndani ya chumba cha kujaribia nguo, pazia nimelivuta. Nilikuwa naogopa macho ya watu. Siku moja mteja akafungua pazia akanikuta nimesujudu. Akaniuliza kwa upole, "Samahani kaka, suruali imekubana?" Nikajibu, "Kidogo tu," na swala ikavunjika palepale.

Nilipomsimulia mke wangu hakucheka. Alisema, "Baba Mapacha, wewe unaswali au unaiba?"

Neno hilo likanikaa rohoni. Nikaamua kuswali ukumbini, mbele ya lifti, aonaye na aone. Nilijiandaa vilivyo: jibu la kumpa atakayecheka, jibu la kumpa atakayenung'unika, na hotuba nzima ya atakayenipiga picha. Nikatandika mkeka huku moyo ukienda kama cherehani. Yaliyonipata ni haya:

1. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitaka kukatiza mbele yangu, mwenzake akamvuta mkono: "Pita nyuma, mtu anaswali." Hotuba yangu ikafia kifuani.

2. Mama anayedeki ukumbi, ambaye kwa ukali wake nilimtegemea sana, alikuja na ndoo. Nikajua leo ndiyo leo. Akadeki kunizunguka taratibu, na nilipotoa salamu akaniambia, "Mwanangu, kesho sogea kule, hapa pana upepo mbaya kwa mgongo." Naye si wa dini yangu, kwa hiyo hana hata kisingizio.

3. Mlinzi ameacha mlango anasimama kulinda viatu vyangu. Viatu vyenyewe mwizi angevirudisha na pole juu.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Watu wawili waliokuja kupanda lifti walidhani mimi ndiye mwanzo wa foleni, wakajipanga nyuma yangu. Niliporukuu nikamsikia mmoja akiuliza kama lifti ya hapa hupandwa hivyo. Mwenzake, fundi saa wa ghorofa ya pili, akasema, "Hapana, lakini na mimi nilikuwa natafuta pa kuswali," akavua viatu. Kesho yake akaja na shemeji yake. Sasa tuna safu nzima, na mimi niliyekuwa nikitetemeka pazia likitikisika nimekuwa imamu, kwa sababu tu nilitangulia kwenye foleni.

Ndugu Meneja, ujasiri huu niliojikusanyia nitaupeleka wapi? Nyumbani hautakiwi, yupo mwenye wa kutosha. Hivyo naiomba ofisi iteue mtu wa kunidharau, walau siku za kazi. Awe na sauti ya kusikika, na asinianze kabla sijatoa salamu. Akikosekana wa kujitolea, mhasibu wenu ana uso unaofaa.

Nifikishie salamu kwa katibu wako, kwa mafundi wa umeme, na kwa wote wanaoniheshimu bila idhini yangu.

Ni mimi, mpangaji wako mwenye kinyongo,
Bwana Kipimo, Muuza Suti

Nyongeza: Nilipanda kukuletea barua hii mchana, katibu akasema umetoka kidogo. Nikaona nishuke kwa ngazi za dharura. Kwenye kona yenye giza nikakukuta umesujudu juu ya koti lako. Uliinuka upesi ukaniambia unatafuta kalamu. Ndugu yangu, yafute malalamiko yote, na mhasibu mwache na kazi zake. Shuka Alasiri, nafasi ipo safu ya kwanza. Hakuna atakayekucheka, hilo nakuhakikishia, maana nimemtafuta mtu wa kucheka jengo zima sikumpata.