Dawa Isiyojua Ujirani

Kwa Daktari Nyasani,
Mtafiti wa Dawa, Kisii.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: CHEMBE ZAKO ZISIZOONEKANA

Pokea salamu za kijiji chetu cha Marani. Jumamosi baada ya ibada ulitueleza kwamba mnafanyia majaribio chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zinazobeba dawa hadi walipo bakteria na kuimwaga papo hapo. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu ninazo.

1. Dawa yako ina uchoyo. Mke wangu Bitutu alipojikata mguuni kwa panga akifyeka migomba, alipewa vidonge ameze mpaka viishe. Viishe! Sisi hatukulelewa hivyo. Alipopata nafuu kidogo tu, viwili vilikwenda kwa jirani Anyona mwenye kikohozi, kimoja nikakipasua nikamnyunyizia Bitutu unga wake kidondani, vingine tukaviweka akiba, maana Desemba wageni huja na magonjwa yao. Sasa chembe isiyoonekana nitaikataje nusu nimpe Anyona?

2. Haina adabu. Dawa ya heshima huzunguka mwili mzima, ikasalimia tumbo, ikasalimia kichwa, ndipo ifike mguuni. Hiyo yako inawapita wakubwa bila hata hodi.

3. Ng'ombe. Kiwele kilipomvimba alipewa kidonge cha Bitutu, na hakulalamika. Mbona katika hotuba ndefu vile hukumtaja hata mara moja?

4. Ulisema bakteria wakionjeshwa dawa kidogo kidogo huizoea, isiwatishe tena. Ala! Kumbe hata bakteria wa Marani wamesoma? Na mbona ulipokuwa ukisema hayo ulinikazia macho mimi?

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu chembe zinenepeshwe zifike ukubwa wa punje ya wimbi, tuzione na tugawane kama watu waliolelewa vizuri.

Nisalimie watafiti wenzako, mlinzi wa lango lenu, na yeyote anayezikoroga hizo chembe.

Wako mtiifu,
Obadiah Masese

Tanbihi: Nakuandikia nikiwa wodini, kando ya kitanda cha Bitutu. Mguu umevimba tena hadi gotini. Wanasema dawa ile haisaidii tena, na leo wametaja kuukata. Naogopa, Daktari. Kama chembe zako ziko tayari, zilete zikiwa ndogo hivyo hivyo. Anyona hapati hata moja. Nitakaa hapa hapa nimwangalie Bitutu akizitumia mpaka ziishe.