Kumtafuta Baba Yake Jaihut

Jumatatu, 1 Julai

Kikao cha ukoo. Nimerudi na hasira na vibavu viwili.

Vibavu ndio mgawo wangu. Nguruwe akichinjwa hapa kwetu, nyama hugawanywa kwa ngazi ya kizazi, na ngazi yangu ni ya vibavu. Taya, lenye mafuta na heshima, humwendea Tigor. Tigor! Niliyemfundisha kupanda baiskeli. Niliyemfuta kamasi kwa shati langu mwenyewe! Lakini kwa hesabu ya ukoo yuko ngazi moja juu yangu, kwa hiyo mimi na mvi zangu humwita Baba Mdogo. Yeye huniita mwanangu. Hulitamka polepole, akilifaidi.

Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya mnara. Ukoo unajenga mnara wa saruji kule kilimani, juu ya ziwa. Mifupa ya wazee wetu itafukuliwa bondeni ilazwe humo pamoja, na majina yachongwe. Tigor katangaza kuwa kila mlango ulete majina ya baba zake bila pengo, mpaka kwa Marhusa, aliyekianzisha kijiji. Wenye pengo watabaki bondeni. Kisha akanitazama. Watu wote wakanitazama.

Pengo ni letu. Babu yangu Jaihut alimwita Marhusa babu, wazee wote walisikia. Basi ni mjukuu. Mjukuu kwa mwana yupi? Hakuna ajuaye. Baba yake Jaihut hana jina, hana kaburi, hana hata kisa cha uongo.

Mama kauliza kama nafasi yake ipo. Nguvu zinamwishia, na hataki makubwa. Hataki tu yeye na Baba waachwe bondeni kama wageni, ukoo wote ukiwa umepanda juu. Nimemwambia nafasi ipo. Nimedanganya. Lazima nimpate huyo mtu.

Jumatano, 3 Julai

Utafiti umeanza. Nimekwenda kilabuni na kuwanunulia wazee tembo, maana kumbukumbu kavu haitoki.

Wa kwanza kasema baba yake Jaihut alikuwa mwindaji. Wa pili kasema ni uongo, alikuwa mwizi wa nyati wa kulimia. Wa tatu akalia, akasema alikuwa mtu mwema sana, kisha ikabainika anamlilia baba yake mwenyewe. Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Wamenikumbusha Datar, baba mdogo wa Marhusa, aliyekwenda Barus, kule pwani, kutafuta chumvi asirudi tena. Hakuna ajuaye alikooa, alikozaa wala alikofia.

Mtu safi kabisa! Nikapiga hesabu kwenye meza kwa kidole kilicholowa tembo. Jaihut akiwa mwana wa Datar, mimi napanda ngazi mbili. Namruka Tigor. Tigor ataniita Baba! Na lile la Jaihut kumwita Marhusa babu? Heshima tu. Mtoto akiona mvi huita babu, kuna ajabu gani?

Nimerudi nikiimba. Lamria, mke wangu, kanifungulia mlango na kuniuliza kama utafiti wote hunuka hivi.

Ijumaa, 5 Julai

Nimelala mapema makusudi ili nimwote Datar. Nimeota soko la Balige na muuza vitunguu. Si kitu. Ndoto inaweza kusaidiwa kidogo.

Jumapili, 7 Julai

Aibu!

Baada ya ibada nikasimama uwanjani, nikatangaza kwa sauti ya majonzi kwamba Datar amenijia ndotoni na kusema Jaihut ni mwanawe. Kina mama wakashika vifua. Wanaume wawili wakavua kofia. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Tigor akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, lile sikio lake lililokatika ulikiona kidonda? Ni la kulia au la kushoto?"

Nikafikiri haraka. Nikasema la kushoto.

"Ahaa," akasema. "Mimi sijui kama alikatika sikio. Nimeuliza tu."

Uwanja mzima ukacheka. Mchungaji akacheka. Wale wawili wakavaa kofia zao. Lamria akatangulia nyumbani na mwavuli wangu, na mvua ikaninyeshea njia nzima. Mama hakucheka. Alinikaushia kichwa kwa taulo kama zamani, akasema niache, bondeni si pabaya. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko.

Siachi.

Jumanne, 9 Julai

Naandika nikiwa na udongo kuchani.

Kamati imetoa neno jipya: jina bila mifupa halitoshi. Sawa! Nyuma ya banda la nguruwe kuna kirundo cha mawe, kidogo, kirefu, kimetulia kama kaburi la mtu asiyetaka makuu. Nikajiambia: Datar alirudi kimyakimya, akafia hapa. Kwa nini isiwezekane? Nikachukua jembe. Nikachukua na kitambaa cheupe dukani kwa Lamria, kile cha bei.

Nilipoona mfupa wa kwanza nilipiga magoti. Nilisali kweli. Nikaiosha mifupa kwa maji ya ndimu kama desturi inavyotaka, nikaifunga, nikampelekea Mama kwenye beseni.

Mama akafunua. Akauinua mfupa mmoja kwenye mwanga. Akaniuliza kama fuvu nimeliona. Nikasema bado, nimechoka. Akasema nirudi nikachimbe.

Nikarudi, nikachimba. Fuvu lilikuwa na pua ndefu na meno ya kutafunia mbuzi.

"Huyo ni Bontar," akasema Mama. "Mbwa wa baba yako. Alilifuata jeneza mpaka makaburini, akarudi, akagoma kula. Nilimzika mwenyewe, wewe uko mjini Medan."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, nifanyeje? Kisha nikaona anafuta macho na hacheki tena. Akaniambia, "Gindo, kaa chini. Ulitaka kumlaza mbwa pembeni mwa babu yako. Nikinyamaza tena nitakuwa nimekosa."

Nikakaa, beseni mapajani.

Mama ndiye aliyemuuguza Babu Jaihut mpaka mwisho. Babu akamwambia, akamwapisha asiseme. Kwamba aliletwa na mtumbwi wa wauza vitunguu kutoka ng'ambo ya ziwa, mtoto mdogo. Kwao waliisha kwa maradhi, wote. Wauza vitunguu wakamwacha ufukoni wakaenda sokoni. Watu wakapita. Marhusa, ambaye kichwa kilikuwa kimeshakuwa cheupe, akamshika mkono akaenda naye nyumbani, akamlisha katika sahani yake. Baadaye akachinja nguruwe, akauita ukoo, akasema: huyu ni mwanangu. Mwanangu, si mjukuu. Wakala, wakakubali, yakaisha.

Lakini mtoto alipoona zile mvi siku ya kwanza alimwita babu. Na ulimi wake haukugeuka tena. Marhusa alijaribu kumzoeza kusema baba, mtoto akaona haya; aliona baba ni neno kubwa mno kwa mtu aliyeokotwa. Akaendelea na babu mpaka uzeeni. Waliokula yule nguruwe wakafa. Watoto wao wakahesabu kwa walichosikia: anamwita babu, basi ni mjukuu, basi katikati yupo baba.

"Hayupo," akasema Mama. "Unamtafuta mtu ambaye hakuzaliwa."

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimemlilia yule mtoto ufukoni, na neno alilolitaka maisha yake yote akaogopa kulisema. Na mimi nilikuwa tayari kumpa baba wa kuokota kutoka Barus ili nipate taya la nguruwe.

Nimemzika Bontar upya. Kitambaa nimekiacha humo humo. Lamria hajajua.

Jumatano, 10 Julai

Hofu. Tukisema kweli, wanaweza kusema sisi si damu yao. Ndiyo maana Babu alimwapisha Mama: aliogopa tusije tukaitwa wageni. Tusiposema, pengo linabaki. Nimemshauri Mama tunyamaze mpaka nibuni kitu. Akasema vitu nilivyobuni juma hili vinatosha. Kesho tunakwenda kwa Tigor.

Nimemwambia sitakwenda. Akasema basi sawa, atakwenda peke yake na fimbo yake, na samaki atambeba kichwani.

Alhamisi, 11 Julai

Nimembeba samaki.

Samaki wa ziwani mzima mzima, aliyepikwa na manjano, kichwa kikimwelekea mwenyeji, kama tunavyofanya tukienda kuomba jambo zito. Mama kajitanda shuka lake la ulos la harusi. Alisimama mara nyingi njiani kupumua, na kila aliposimama nilimwambia turudi, na kila mara aliendelea.

Tigor alinipokea kwa lile neno lake, mwanangu. Nikalimeza. Mama akasema yote, tangu mtumbwi mpaka nguruwe. Hakuomba. Mwishoni tu akasema, "Tigor, ukiona sisi ni wageni, sema. Mimi ni mzee, nitasikia. Lakini mume wangu usimwache bondeni. Mimi niache."

Mimi nilikuwa natazama samaki. Sikuweza kumtazama mtu.

Nikajua tumekwisha. Kisha Tigor akauliza kaburi la Babu Jaihut liko pembeni mwa kaburi la nani. Mama akasema, si la Saur? Saur ni babu yake Tigor, mwana wa kuzaa wa Marhusa.

Tigor akasema nyumba yao iligombana miaka na miaka kwa ajili ya kaburi hilo. Saur alikataa kuzikwa na mkewe wala na baba yake. Alitaka kando ya Jaihut. Wanawe walidhani uzee umemharibu. Mtu mzima, mwenye taya, anataka kulala na mtoto wa ndugu asiyejulikana? Yeye alishikilia neno moja: "Simwachi ndugu yangu peke yake." Wakasema amechanganyikiwa, hata ndugu na mtoto wa ndugu hatofautishi tena.

"Kumbe alikuwa anajua anachosema," akasema Tigor. Lile lijitu lenye mabega ya kubebea kreti za bia likalia mbele ya samaki. Akasema mwana wa Marhusa ni mwana wa Marhusa, nguruwe aliliwa. Akamshika Mama mikono, akamwambia wa kubaki bondeni hayupo, wote tunapanda.

Kisha akanigeukia. Jaihut na Saur ni ndugu. Wana wao ni ndugu. Basi mimi na yeye tuko ngazi moja. Akasema, "Miaka yote hii namfanya ndugu yangu aniite baba. Nawe ukanyamaza, mjinga wewe?"

Tumemla samaki pamoja. Mama kala mashavu ya samaki, na wali mara mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Kamati imekubali. Jina litachongwa: Jaihut, mwana wa Marhusa. Nimeomba nilisome mimi kwa sauti. Nilifika kwenye neno mwana nikashindwa, Mama akalimalizia kutoka kitini. Nadhani yule mtoto amesikia. Nataka kudhani hivyo.

Nguruwe kachinjwa. Tigor kapewa taya. Mbele ya wote akachukua panga, akalipasua katikati, akaniletea nusu yangu kwa mikono miwili. Miaka yangu yote sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Nimemwachia Lamria upande wenye ngozi ya kuchoma. Kaniuliza kitambaa cheupe kiko wapi. Nikamwambia yote, naye akasema Bontar alistahili.

Sasa mimi ni mtu mpya. Sitaki makuu tena.

Jumapili, 14 Julai

Jioni Tigor kapita na chupa ya tembo. Tumekaa barazani tukitazama ziwa, hatukusema mengi. Raha tupu. Alipoaga akanipiga begani, akasema, "Usiku mwema, mdogo wangu."

Mdogo!

Nimeuliza, kwa utaratibu, mdogo kwa msingi gani. Akasema babu yake alizaliwa ndani ya nyumba ile, wangu alifika baadaye. Akaenda zake anapiga mluzi.

Kufika baadaye si kuzaliwa baadaye! Mtu anaweza kufika baadaye naye ni mkubwa. Nimekwenda kwa Mama nikamuuliza, Jaihut alipotoka kwenye mtumbwi alikuwa mrefu kumpita Saur au vipi? Meno ya mbele alikuwa ameshang'oa? Mama kauliza nataka kujua ya nini. Nikasema ni historia tu, Mama, historia ya ukoo. Akanitupia kandambili. Mkono wake una nguvu bado, namshukuru Mungu.

Mwezi ujao tunaifukua mifupa. Nimejitolea kuishika na kuiosha ya wazee wote wawili, Saur na Jaihut, wamelala bega kwa bega, ni rahisi kulinganisha. Kamati imenisifu kwa moyo wangu. Tigor mwenyewe kanikumbatia.

Lamria anatafuta tepu yake ya kupimia vitambaa. Nimemwambia sijaiona.