Mgeni wa Saa Nane Mchana

Jumatatu, 14 Julai

Kalinzi. Siku kubwa! Leo mchana, mbele ya ofisi nzima ya ushirika wa kahawa, nimeita filamu kutoka nyumbani kwangu Ujiji na ikaja. Milima yote hii katikati, na ikaja! Kompyuta iko sebuleni kule, mimi niko huku na simu mkononi. Erasto, karani mwenzangu, ambaye kila mchana hukusanya watu kwa flashi yake ya tamthilia, alisema mbona picha inakwamakwama. Wivu tu.

Kazi ya wikendi nzima hiyo. Fundi wa mjini alinionya niweke neno la siri refu, maana kompyuta ikishafunguliwa kwenye intaneti, dunia nzima inaweza kubisha hodi. Nimeweka. Vyangu vyote vimo mle: filamu mia mbili, nyimbo za kwaya, na mama.

Mama ni dakika kumi na mbili tu. Alirekodiwa na dada Melania kule Simbo, miezi miwili kabla hajafariki: amekaa kwenye mkeka anachambua maharage na kusimulia alivyoolewa. Simu ya Melania ilizama ziwani pale Kibirizi, ikabaki nakala yangu. Jana nimeifuta kwenye simu nipate nafasi, kwa hiyo sasa iko kwenye kompyuta peke yake. Jumamosi mama anatimiza mwaka tangu afariki. Ukoo wote unakuja kwangu baada ya misa kumtazama. Nimetuma anuani ya mtambo huu wa kompyuta yangu kwenye kundi la ukoo, wakwe wamo, waone mtoto wao alipofikia. Hakuna aliyejibu.

Jumanne, 15 Julai

Balaa. Baba mkwe alijaribu kuingia kutoka Mwandiga, mtambo ukamuuliza jina lake na neno la siri. Amenipigia simu. Ameniuliza tangu lini mkwe akisimama mlangoni anaulizwa yeye ni nani. Nikaeleza kuwa anayeuliza ni mashine. Akasema mashine ni ya nani.

Ukwe si wa kuchezea. Nimeondoa neno la siri. Sasa kila aingiaye anaandikwa Mgeni na anapita bila kuulizwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Saa nane mchana nikafungua orodha ya wanaotazama, nione baba mkwe anafurahia nini. Mgeni mmoja. Anamtazama mama. Nikapiga simu kumshukuru. Alikuwa shambani, na simu ya intaneti ameifungia kabatini kwa hasira.

Jumatano, 16 Julai

Mke wangu Scola kapiga simu saa nane na dakika tano. Runinga ya sebuleni imewaka yenyewe. Mama mkwe wake yumo, anachambua maharage. Kaizima, ikawaka tena. Ameniuliza kwa upole sana nimefanya nini. Upole wa Scola ninaujua.

Nikatazama orodha. Mgeni yule yule, saa ile ile. Anaruka moja kwa moja hadi dakika ya kumi na moja, anatazama kidogo, anarudisha, anatazama tena. Mara tisa.

Nikafungua nione kuna nini hapo. Mama ananyamaza. Anainua uso, anatazama kando, upande wa mlango, na kusema karibu, kwa Kiha, taratibu kabisa. Kisha anatabasamu. Anayekaribishwa haonekani. Nimeitazama rekodi hii zaidi ya mara ishirini na sijawahi kujiuliza alikuwa anaongea na nani.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya ofisi. Nikamwandikia Mgeni ujumbe: wewe ni nani? Ukaonekana umesomwa. Hakujibu. Erasto aliuliza mbona nimepauka. Nikamwambia ni malaria.

Alhamisi, 17 Julai

Scola amehamia kwa shangazi yake hadi Jumamosi. Ameacha runinga imefunikwa kanga.

Nimepata mpango! Namshusha mama kwenye simu yangu, kisha namfuta kwenye mtambo. Mgeni akija atakuta kapu tupu. Jumamosi namrudisha mama, ukoo unatazama, hakuna anayejua kitu. Kurudisha neno la siri ingekuwa rahisi zaidi, lakini baba mkwe ndiyo kwanza ameanza kuzungumza nami.

Saa nne asubuhi nikaanza kumshusha. Saa tano ikaandika tayari. Nikafuta kule bila kupoteza wakati. Mtambo ukauliza kama nina uhakika. Nina uhakika!

Saa nane orodha ilikuwa tupu. Nimekula ugali mara mbili. Erasto alipoanza kutafuta watazamaji wa tamthilia yake, nikacheka kwa sauti.

Ijumaa, 18 Julai

Sikuangalia orodha. Ya nini? Jioni nimeteremka Ujiji. Nyumba kimya, vumbi la Julai kila mahali. Nimekunja kanga ya Scola na kuchomeka simu kwenye runinga nijaribu.

Mama anachambua maharage. Anasimulia. Dakika ya kumi inaisha, anaanza kuinua uso. Picha inakufa.

Nimejaribu mara kumi na tano. Kumbe mtandao ulikatika njiani, na ile "tayari" ilikuwa tayari ya nusu. Kwenye kompyuta hayupo. Nimetafuta hadi kwenye takataka za mashine. Hayupo. Dakika mbili za mama yangu hazipo tena duniani, na mkono uliozifuta ni huu ninaoandikia.

Jumamosi, 19 Julai

Misa nzuri. Ukoo wote sebuleni. Nilikuwa nimeamua kusema kwamba rekodi ilikuwa ya dakika kumi tangu zamani. Nani anahesabu?

Baba yangu anahesabu. Mzee Leonardi, macho yake hayaoni tena vizuri, alikataa kiti. Alikwenda kusimama mlangoni, kofia mkononi. Nikamuuliza Melania kwa sauti ya chini mzee ana nini. Akanishangaa. Akasema si ndicho wanachofanya yeye na baba kule Simbo wiki nzima, tangu nilipotuma anuani? Saa nane baba anatoka nje, anaingia tena, na mama anamkaribisha. Siku ile ya kurekodi ndiye aliyekuwa anaingia kutoka shambani. Melania alisema pia kwamba Jumatano kuna kitufe fulani alibonyeza, hajui ni kipi, labda ndicho kilichowasha runinga yetu, na ujumbe wangu aliudhani ni matangazo.

Kumbe Mgeni ni baba yangu! Na mimi ndiye niliyemfungia.

Rekodi ikafika dakika ya kumi. Ikakatika. Baba alibaki mlangoni, amegeuza sikio. Nikasema ni umeme. Taa zote zilikuwa zinawaka. Scola akasema karibu baba, akasema kwa sauti nzuri, naye akajibu ahsante mwanangu, lakini hakuingia. Alisimama pale mpaka chai ikapoa. Nilikwenda uani nikalia, na siandiki zaidi juu ya hilo.

Melania alinifuata. Akasema huenda ni mashine tu imechoka, kama ilivyogoma Alhamisi, maana jana ilikuwa nzima. Nikamuuliza jana gani. Jana Ijumaa, akasema. Mzee aliingia, mama akamkaribisha kama kawaida. Ila kulikuwa na kipande ambacho hakukikumbuka: mama aliendelea kutazama mlangoni, akauliza huyo aliye nyuma yako ni nani.

Nilimfuta Alhamisi saa tano asubuhi.

Nimefungua orodha ya Ijumaa. Saa nane mchana, Mama, dakika ya kumi na moja. Mgeni. Chini yake, Mgeni mwingine.

Jumapili, 20 Julai

Scola amesema neno la siri lirudi leo, au yeye arudi kwa shangazi. Nimesema sawa. Nikakaa mbele ya kompyuta kulirudisha, kweli kabisa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu.

Nikasema ngoja nione kwanza.

Ukoo ulikuwa bado hapa, wanakula, simu zote zimepangwa mezani zinachajiwa. Baba mkwe alikuwa amesinzia kwenye kochi. Saa nane kamili nje palinyamaza, hata kuku. Orodha ikaanza kujaa. Mgeni. Mgeni. Mgeni. Wote kwa Mama, wote dakika ya kumi na moja. Baba yangu akaweka kijiko chini. Aliinuka peke yake, akatoka nje, akabisha hodi.

Nilihesabu kumi na wanne. Kumi na wanne! Na nje ya ukoo anuani sijampa mtu yeyote.

Flashi ya Erasto haijawahi kuvuta watu zaidi ya sita. Neno la siri nitaweka wiki ijayo. Kesho saa nane naialika ofisi nzima.